Rupia ya Kwenye Tuta

Mama Kashindye, jirani yetu, anasema mashine ya kutafutia vyuma ardhini ilianza kulia yenyewe, kama mtoto wa mbuzi. Anasema yule mgeni, Bwana Eustace wa Tabora mjini, alikuwa anapita tu uani kwake, hana habari ya kuchimba. Kufika penye tuta la viazi, ikalia. Akapiga magoti, akafukua kwa kisu, akatoa rupia ya Mjerumani, nyeupe pe! Akampa mama mwenyewe.

"Nilikuwa nimeshika ungo, Nyamizi. Ulidondoka."

"Rupia iliyolala ardhini miaka sitini inatoka nyeupe, mama?"

"Wivu huo, mwanangu. Tafuta na wewe mgeni wako."

Nikacheka. Lakini tuta lile nalijua. Juma lililopita tulilipasua mimi na yeye, tukarudishia udongo, tukapanda marando. Kila rando nililichomeka kwa vidole vyangu. Halafu kijiji chenyewe hiki tulikikuta pori tupu mwaka jana tulipohamishwa. Baba zetu ndio walioangusha miyombo ya kwanza. Nani aliishi hapa akadondosha rupia? Njia ya zamani ya misafara ilipita kule Ipole, kwenye mahame yetu, makazi tuliyoyaacha. Na mgeni anajua, maana tangu juzi anauliza nani alitoka Ipole.

Asubuhi akaja kwetu kumchukua baba ampeleke Ipole, baiskeli yake imefungwa ile mashine kwa mpira, mpini mrefu na sahani chini.

"Shikamoo mzee Bundala."

"Marahaba. Karibu kigoda."

Nikaleta uji. Akamsifia baba nyuki wake, akasifia uji. Sikuondoka.

"Hiyo mashine inatofautisha fedha na vitu vingine?" nikamwuliza.

"Haichagui, dada. Chuma, shaba, fedha, inalia tu. Kazi ya kuchagua ni ya jembe."

Shaba. Bibi, mama yake baba, amelala nyuma ya nyumba yetu ya zamani na vikuku vyake vya shaba, mkono mzima hadi kiwiko. Alisema asivuliwe, na hakuvuliwa. Hatukulijengea kaburi, tuliweka mawe matatu, na nyasi za mwaka mzima zimeshayafunika. Mashine haitahitaji mawe.

Mgeni alipokwenda kisimani kunawa, nikamweleza baba habari ya tuta, tangu jembe la kwanza mpaka marando.

Baba hakushtuka. "Unadhani mimi sijui tuta linavyopasuliwa? Hiyo rupia aliipanda mwenyewe. Mtoto mdogo angejua."

"Sasa unakwenda naye kwa nini?"

"Mwenyekiti ananipa ruhusa ya kurudi mahameni? Nimeomba mara tatu. Nikaangalie mizinga yangu ya nyuki tu, hataki. Anasema nitahamia huko tena." Akachukua pampu. "Huyu ana barua yenye muhuri. Nikiwa naye hakuna wa kunirudisha njiani."

"Muhuri umeusoma?"

"Wewe ndiye uliyesoma."

"Hajanionyesha, baba. Nimemwomba jana, akasema imelowa jasho."

Baba akainama kwenye gurudumu la baiskeli yake, akaanza kupiga pampu. Kule kisimani mgeni alikuwa anawachekesha wanawake. Begani amening'iniza jembe fupi, jipya, mpini haujashika hata uchafu. Mtu wa kufukua kwa kisu, jembe la nini?

Nikachutama upande wa pili wa gurudumu, nimtazame baba usoni.

"Nenda, baba. Kaangalie mizinga. Mwonyeshe kisima cha zamani, mwonyeshe zizi, achimbe mpaka achoke. Lakini nyuma ya nyumba usimfikishe. Akikuuliza bibi amelala wapi, sema hujui. Niahidi hilo moja."

Baba akabonyeza gurudumu kwa dole gumba. Lilikuwa limejaa. Akaendelea kupiga pampu.