Mwalimu wa Kuanguka

Niwatege kwanza. Natembea barabarani mikono juu kama mateka, wala hakuna aliyenishikia bunduki. Msijisumbue, jibu ni mwanamke wa kwetu Masama, mlimani Kilimanjaro, aliyebeba majani ya ng'ombe kichwani.

Kitendawili hicho niliwatega walimu wa kupigana wa Majengo, miaka ile mabanda ya video yalipojaa Moshi mjini na kila kijana aliyetazama mkanda mmoja wa Kichina akarudi nyumbani anarusha mateke kwenye migomba. Sikwenda kwa mchezo. Mjukuu wangu Aikande alikuwa anajifunza cherehani mjini, na jioni anashuka tambarare kukata majani. Akipandisha na mzigo, pale kwenye daraja la mfongo, mfereji wetu wa maji, Primus mtoto wa mzee wa kanisa anamngoja.

"Pole na mzigo, dada. Nikutue?"

Mzigo mkubwa wa majani haujitui wenyewe. Lazima mwenzako asimame mbele yako, aushike kwa mikono miwili. Primus anasimama mbele vizuri sana. Ila mikono yake haiendi kwenye majani. Na Aikande, mikono yake yote iko juu, shingo imekazwa, afanye nini?

Nilikwenda kwa baba yake Primus. Akanijibu, "Mama Eliona, kijana anasaidia watu, na wewe unalalamika?" Mwanangu Eliona naye, badala ya kumkasirikia Primus, akamkasirikia binti yake. "Kahawa ikiisha kuvunwa, anakwenda kukaa kwa shangazi yake Sanya Juu. Cherehani basi." Begi likawekwa nyuma ya mlango.

Aikande hakulia. "Bibi," alisema, "mimi nataka kujifunza kupigana."

Basi tukashuka mjini. Wa kwanza alikuwa Theodory, wa karate, kijana amevaa nguo nyeupe za mpishi alizochagua mtumbani, kiunoni mkanda mweusi. Alinipa shikamoo nzuri, hilo simnyimi. Nikamtega kitendawili, akasema hapo hawafanyi mambo ya watoto. Aikande akamweleza habari ya daraja.

"Rahisi," akasema Theodory. "Kwanza atue mzigo. Halafu asimame hivi, miguu imepanuka. Halafu ainame, amsalimie adui."

"Amsalimie Primus?"

"Ni heshima, bibi."

"Wakishamaliza kusalimiana si wachumbiane kabisa!"

Akakasirika, akavunja ubao kwa mkono mtupu. Ubao wenyewe niliuona, mchwa walikuwa wameshaufanyia kazi yote.

Wa pili alikuwa Wilson, yeye ni mateke tu. Teke lake lilipita juu ya kilemba changu nikasikia upepo. Nikamuuliza kama anaweza kulipiga amevaa gauni, na mzigo kichwani.

"Mzigo autue kwanza, bibi."

"Jamani, mzigo umewakosea nini nyie? Mama zenu waliwabeba kwenye nini?"

Nyuma yake vijana wa kung-fu walikuwa wanaiga wanyama. Mmoja ndege, amesimama mguu mmoja. Mwingine nyani. Mimi nyani nimewafukuza kwenye mahindi miaka yote, na sijaona hata mmoja aliyemshinda mama mwenye debe la kugonga.

Wa mwisho alikuwa nyuma ya karakana ya seremala. Hosea, mtu mzima, pengo mbele, anafundisha judo juu ya magunia yaliyojazwa maranda. Wanafunzi wake walikuwa wanaanguka, wanainuka, wanaanguka. Nikamtega. Hakufikiri sana.

"Mtu aliyebeba," akasema. "Huyo kwanza namfundisha kuanguka."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Kuanguka! Mtoto anaanguka kabla hajajua kutembea, wala hana mwalimu. Na hilo jino uliliangusha wapi?"

"Kabla sijajifunza, mama."

"Mimi nimebeba majani tangu nina meno ya utoto, sijaangusha mzigo hata siku moja. Kwetu anayeangusha majani njiani anachekwa mpaka aolewe. Twende, Aikande."

Nageuka, Aikande ameshavua kandambili. "Bibi, mimi ni hapa."

Aibu niliyoiona msimu ule! Alikuwa anaangukia majani makavu kihambani, shamba letu la nyumbani, mbele ya ng'ombe. Kidevu kifuani, mgongo mviringo, anabiringika kama mtungi. Eliona akaniuliza, "Mama, mtoto wangu ana nini?" Nikamwambia anasomea kuanguka, akifaulu atapewa cheti cha kulala chini.

Kahawa ilipokuwa inaishia, jioni moja tulikuwa tunapandisha, Aikande mbele na mzigo wake, mimi na jirani yangu Zita nyuma na vifurushi vyetu vya kizee. Primus yuko darajani.

"Pole na mzigo, dada. Nikutue?"

"Sitaki."

Akasogea. Mikono yake ikaenda pale inapoendaga, kiunoni. Na mimi, mnajua nilipiga kelele gani? "Aikande, shika mzigo!" Ndiyo. Mzigo.

Hakuushika. Mikono ilishuka ikakamata shati la Primus, kidevu kikaingia kifuani, akakaa chini kinyumenyume kama mtu anayekaa kwenye kigoda. Primus akavutwa, majani yakamshukia usoni, akapita juu ya Aikande miguu hewani, akaingia mfongoni na mzigo wote. Aikande akabiringika pembeni, akasimama, akakung'uta gauni.

"Primus!" Zita akaita. "Leo umetuliwa wewe!"

Baba yake Primus alikuja mbio, maneno yakiwa yaleyale. "Kijana alikuwa anasaidia."

"Mzee, mikono niliiona kwa macho yangu," akasema Zita. "Majani hayabebwi kiunoni."

Watu wakacheka, na mzee akamtoa mwanawe majini kwa sikio.

Hosea bado namcheka, pengo ni pengo. Wale wa nguo nyeupe siwazungumzi kabisa. Ila kesho yake Eliona alilichukua lile begi nyuma ya mlango, akalirudisha chumbani kwa Aikande. Halafu akatoka na mundu. Jioni nikamwona anapandisha, mwanaume mzima na mzigo wa majani kichwani, mikono juu, jasho linaingia machoni, hawezi hata kulifuta.

Nikasimama mbele yake.

"Pole na mzigo, baba. Nikutue?"

"Mama," akasema, "nitue tu, usiongee."