Kidani cha Kwenye Jarida

Winnie ndiye aliyelileta lile jarida. Alikuwa mpokeaji wageni katika hoteli moja ya mjini Mwanza, na Mjerumani mmoja, katika wale waliokuja kufunga mashine za kiwanda cha minofu ya sangara, alilisahau chumbani. Jarida zima lilikuwa la vito na mapambo ya mwilini: hereni zilizofika mabegani, pete zilizomeza vidole viwili kwa mpigo, na vitu vingine ambavyo mtu mwenye akili zake asingejua kama vinavaliwa kichwani au mguuni. Maneno yalikuwa ya Kijerumani kitupu. Lakini picha haihitaji mkalimani, au ndivyo walivyodhani.

Winnie alimpa rafiki yake Nusrat, ambaye alikuwa mwali, amewekwa ndani anasuguliwa mwili kwa msio wa manukato akingoja ndoa. Mtu aliyefungiwa chumbani na jarida moja atalifunua mpaka kurasa zilegee. Nusrat akakwama kwenye picha moja: mwanamke wa Kizungu, shingo ndefu, na kidani cha dhahabu kilichomshukia kifuani majani kwa majani, kila jani jembamba kama ganda la kitunguu.

“Mama, nataka hiki,” alisema. “Bangili za bibi ziyeyushwe zitengeneze hiki.”

Moza, mama yake, alizitazama bangili tatu mkononi mwake. Zilikuwa za marehemu mama yake, Bi Kuruthumu. Katika ukoo wao, dhahabu ya bibi ni ya mjukuu wa kike wa kwanza siku anapoolewa. Mama huivaa kumshikia tu. Kwa hiyo Moza alikuwa mtunzaji, na mtunzaji hana sauti.

Tatizo lilikuwa chumba cha uani, alikolala baba yake, Mzee Yahaya. Macho yake yalikwisha kuzimika, na akili nayo ilianza kutangatanga. Asubuhi Moza akimpelekea uji, bangili zikigongana mlangoni, uso wa mzee ulifunguka. “Kuruthumu, umekuja?” Mwanzoni Moza alimsahihisha: ni mimi, baba, mama alishatangulia. Mzee akalia msiba upya, kana kwamba mkewe kafa asubuhi ile, na siku nzima hakutia kitu mdomoni. Tangu hapo Moza alijibu, “Nimekuja,” na mzee akala. Kwa mkono wa Kuruthumu alikula. Kwa mkono wa mtu mwingine alifunga mdomo kama mtoto anayekataa dawa.

“Na babu yako?” Moza aliuliza.

“Mama, babu hajui hata leo ni siku gani. Mtamnunulia zingine za kumlilia mlangoni.” Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaolewa, na anayeolewa hasikii. “Kwani si zangu?”

“Ni zako.”

“Nibakizie moja tu,” Moza akajaribu tena kesho yake, na papo hapo akajua ameomba upuuzi. Bangili moja inagongana na nani?

Mwali hatoki nje, basi Moza ndiye aliyekwenda mtaa wa Makoroboi kwa Rahim, sonara wa familia tangu enzi za mama yake. Rahim alikuwa na desturi yake: hayeyushi dhahabu ya mtu bila aliyeileta kukaa mbele yake na kutazama, asije akaambiwa kesho amebadilisha. Aliinua jarida dirishani, akaligeuza huku na huku.

“Mama Nusrat, majani haya ni membamba mno. Dhahabu ikiwa hivi inajikunja yenyewe. Nitayafanya manene kidogo, na yatakuwa machache.”

“Bangili zote tatu zitahitajika?”

“Zote. Na bado tutabanana.”

Moza akasogea karibu. “Bwana Rahim, mtumie Nusrat ujumbe kwamba haiwezekani. Wewe ukisema, atakubali.”

Rahim akashusha pumzi. “Nikisema haiwezekani, atamtuma mtu kwa sonara mwingine. Siku hizi biashara huria, wamejaa. Na huyo mwingine hatamtaka mtu atazame.”

Zilitolewa kwa sabuni, maana mkono wa Moza ulikuwa umenenepa. Rahim akazitia kwenye kijungu cha udongo, akaelekeza moto. Bangili ya kwanza ilipoanza kulegea, Moza akageuzia uso ukutani, na moto ukazimwa.

“Tazama, mama,” Rahim alisema taratibu. “Usipotazama siendelei.”

Akatazama. Zililala moja juu ya nyingine, zikashikana, zikawa tone moja jekundu lililotikisika. Alitamani kupiga kelele, lakini angempigia nani? Hakuna aliyekuwa ameiba kitu.

Kesho yake aliingia uani na uji, na mzee akageuza sikio. “Nani?” Moza alinunua sokoni bangili za aluminiamu, akazichezesha mlangoni. “Nani huyo?” mzee akauliza tena. Akawa anakunywa vijiko viwili vitatu kwa kubembelezwa, na mashavu yakaanza kuingia ndani.

Harusi ilifana. Bwana harusi alikuwa na biashara ng'ambo ya ziwa, huko Busisi, na miongoni mwa wageni wake alikuwapo mama mmoja wa Kijerumani, mke wa fundi mitambo. Alipokiona kidani cha Nusrat akashika mdomo, kisha akacheka kwa furaha akimwambia Winnie jambo kwa Kiingereza. Winnie aliwatafsiria wanawake waliokaa jamvini: mama huyu anakijua kidani hiki, alikiona kwenye maonyesho kwao. Kile cha kwenye jarida kilikuwa cha karatasi, kilipakwa rangi ya dhahabu. Kilivaliwa mara moja kikatupwa.

Wanawake wakacheka mpaka machozi. Nusrat naye alicheka. “Basi cha kwetu ndicho cha kweli,” alisema, wakampigia vigelegele. Moza alipiga pamoja nao.

Siku ya kuondoka, Nusrat aliingia uani kumuaga babu yake. Nje gari lilikuwa likipiga honi. Walitaka kuwahi kivuko cha Kigongo, cha kwenda Busisi. Moza alikuwa kitandani pa mzee na bakuli la uji. Nusrat alipoinama kuvuka kizingiti, majani ya dhahabu yakagongana kifuani mwake.

Mzee Yahaya akainuka kwa kiwiko. Uso wote ukafunguka.

“Kuruthumu, umekuja? Ulikuwa wapi siku zote hizi?”

“Ni mimi, babu, Nusrat,” msichana alisema, akambusu mkono. Moza alimtikisia kichwa asiendelee, akachelewa. “Bibi alishafariki. Nimekuja kukuaga tu.”

Honi ikalia tena. Nusrat akatoka akikimbia, mlio wa majani ya dhahabu ukimfuata ukumbini, kisha barazani, kisha mlango wa gari ukafungwa.

Mikono ya mzee ilibaki imenyooshwa. “Mbona anaondoka?” aliuliza. “Mbona hata hajakaa?”

“Atarudi, baba,” Moza alisema, akasogeza kijiko mdomoni kwake.

Mzee akafunga mdomo, akageuzia sikio mlangoni.