Binamu wa Kwenye Fremu

Kila asubuhi nilifuta skrini ya kompyuta kwa kitambaa, nikavuta kiti, nikaanza kuwaondolea watu chunusi. Ndiyo kazi yangu katika studio ya shangazi: yeye anapiga picha, mimi nazisafisha. Siku hiyo nilikuwa nimefika kwenye kidevu cha bwana harusi mmoja, mara fundi wa fremu, jirani yetu wa mlango wa pili, akaingia bila hodi, picha mkononi.

"Dada, huyu ni nani?"

Nusura nianguke na kiti. Fundi huweka picha zetu za majaribio ndani ya fremu zake, zisikae tupu dukani. Wiki ile nilimchapishia kumi, nikasahau kwamba mojawapo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimejaribu programu mpya kwa uso wangu mwenyewe: nikafuta baka la kuzaliwa linaloshuka kutoka jicho la kushoto hadi tayani, nikaichonga pua, nikairefusha shingo. Nilipomaliza, sikujitambua.

Na fundi huyu nampenda mwaka wa pili sasa, kimyakimya. Nikatoa uongo wa kwanza ulionijia.

"Binamu yangu."

"Kumbe mna binamu mrembo hivi, mnamficha!"

Alimtia kwenye fremu nzuri kuliko zote, akamtundika juu ya meza yake ya kazi.

Hapo ndipo nilipoujua wivu. Kila nikipeleka picha, namkuta binamu amefutwa vumbi, anang'aa. Na maswali hayaishi. Ni mcheshi? Anapenda nini? Ningejibu nini, wakati hayupo? Nilimgawia mambo yangu. Nikasema anaogopa radi mpaka anaingia chini ya kitanda. Nikasema husoma riwaya kuanzia ukurasa wa mwisho, asije akampenda mtu atakayekufa.

"Huyu binti ana vituko!" Fundi alicheka hadi akaweka nyundo chini.

Vituko vyangu! Mimi nimesimama mbele yake, na kicheko kinapanda ukutani kwa yule.

"Umenuna kama paka aliyemwagiwa maji," shangazi aliniambia.

"Kichwa tu, shangazi."

"Kichwa gani kinachokufanya umtolee macho jirani? Mwanangu, nimekupiga picha tangu una meno mawili. Unadhani yule wa kwenye fremu simjui?"

Niliinamia kompyuta.

Alhamisi fundi alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. "Jumamosi dada yangu anaolewa. Niombee kwa binamu yako, twende naye. Wewe anakusikiliza."

Nilisema sawa. Mchana, alipotoka kununua vioo, niliingia karakana yake, nikapanda kigoda na kumshika yule binti kwa pembe zote mbili. Nilitaka kumchana vipande vipande.

"Dada? Unaniibia?"

Alikuwa mlangoni, kioo kwapani. Nilishuka, fremu kifuani.

"Hakuna binamu," nilisema. "Huyu ni mimi. Nilijifuta baka, nikajichonga pua."

Alitazama picha, akanitazama mimi. "Na yule wa radi?"

"Mimi."

"Anayeanza riwaya mwishoni?"

"Mimi pia. Nilimpa kila kitu changu, nawe ukampenda yeye. Namwonea wivu mpaka chakula hakipiti."

"Sasa mbona hukusema tangu siku ile?"

Siku zote nikiongea naye husimama kwa ubavu, shavu la kulia ndilo limwelekee. Safari hii niliweka fremu mezani, nikamgeukia mzima mzima, mwanga wa mlango ukinipiga usoni.

"Kwa sababu niliogopa ungeutazama uso huu ukaona hasara. Basi utazame. Ndio wangu, na siufuti tena kwa ajili ya mtu. Jumamosi nataka twende mimi na wewe. Nakupenda."