Shela la Kijani Usoni mwa Muaz

Programu ya kupanga kadi za harusi katika duka la uchapaji la Mzee Kishor, pale Mchafukoge, aliiandika bintiye Rinkal, naye aliringa nayo kama mwenye gari jipya. Ndipo akaja Bi Azza, aliyekuwa anamwoza binti yake Ghada. Alitaka picha ya maharusi ifunikwe shela la kijani, jepesi, watu wawaone kwa ndani, na majina yaandikwe juu yake.

Kwenye skrini shela lilipendeza. Kwenye karatasi likatoka bonge la kijani. Bwana arusi, Muaz, alibaki viatu.

Bi Azza aliigeuza kadi, akatazama nyuma, labda yumo huko.

"Mwanangu," akamwambia Rinkal, "mkwe wangu mmemzika?"

Mzee Kishor akautupia lawama wino. Rinkal alijua si wino. Skrini inajua kuchanganya rangi ya juu na ya chini. Printa yao ikiambiwa paka kijani, inapaka, haina habari na aliye chini. Akaona aizuge: nukta moja ipakwe, ya pili iachwe, kama ubao wa drafti, ili picha ichungulie matunduni. Nukta zikawa ndogo mno, wino ukasambaa, zikashikana. Akazikuza. Muaz akaonekana, ila kama mgonjwa wa surua aliyelazwa ndani ya chandarua. Mzee Kishor alicheka mpaka akapaliwa, na Rinkal akatamani kuitupa kompyuta dirishani, ikiwezekana pamoja na mzazi.

Alipokunywa chai hasira zikapoa. Kama printa haijui kuchanganya, ya nini kuibembeleza? Akaiandika programu upya ichanganye yenyewe: kila nukta ya picha itiwe kijani kiasi chake, kisha printa ipelekewe picha moja iliyokwisha kuiva, isiyo na cha juu wala cha chini. Printa ilijikongoja kama mpagazi wa Kariakoo, lakini kadi ikatoka: shela, majina, na Muaz mzima, unywele kwa unywele.

Ghada mwenyewe alikuja kuikagua. Aliisogeza karibu na macho, akaitazama pembe hadi pembe.

"Imetoka safi, dada," akasema mwishowe. "Ila usichape bado. Hayo masharubu sikuwa nimeyaona vizuri. Nampeleka kwa kinyozi."

Ijumaa ikaletwa picha nyingine. Muaz hakuwa na hata unywele mdomoni, na alikuwa amenuna. Rinkal akamvisha shela, akachapa kadi mia tatu.