Simu Ilikuwa kwa Nani?

Mwalimu wa Historia alikuwa na jina la utani la mgongoni, Mama Tarehe, na alilijua fika. Hakuna mwalimu asiyelijua jina lake la mgongoni. Wanaojifanya hawajui ndio wanaolistahili zaidi. Lake lilimkaa sawasawa. Alikuwa amefundisha tarehe za vita, za mikataba na za vifo vya wafalme kwa muda mrefu hivi kwamba ukimwamsha usingizini angekutajia mwaka kabla hajauliza wewe ni nani.

Ila safari hii maji yalikuwa yamemfika shingoni. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wanachagua masomo ya mwaka unaofuata, na mwalimu wa taaluma, bwana mwenye tai fupi na maneno mafupi zaidi, alishatamka mbele ya walimu wote kwamba wasipopatikana wa kujaza madawati, Historia inafungwa na chumba chake kinageuzwa maabara ya pili ya kompyuta.

"Na mimi?" Mama Tarehe aliuliza.

"Wewe tutakutafutia nafasi maktaba."

Maktaba ya shule hiyo ilikuwa kabati. La milango miwili, sawa, lakini kabati.

Alirudi nyumbani hana hamu ya kula wala ya kusema, na hapo ndipo shemeji yake alipojitosa. Huyu alikuwa mdogo wa mumewe na mwalimu wa Hesabu shule hiyo hiyo. Nyumba zao zilitazamana, kwa hiyo hakuna aliyeweza kununa upande huu bila upande ule kupata habari.

"Shemeji, tufundishe pamoja," alisema akijivutia kiti bila kukaribishwa. "Somo moja, walimu wawili. Historia yako, hesabu zangu, simu zao. Si wanashinda nazo? Tuzipe kazi."

"Hesabu na Historia wapi na wapi?"

"Kwani hiyo miaka unayowakaririsha si namba?"

"Hata kiatu changu kina namba, shemeji. Mbona hukifundishi?"

Walicheka, wakabishana, wakacheka tena. Mwishowe Mama Tarehe alikubali, si kwa sababu aliamini, bali kwa sababu njia nyingine hakuiona.

Katika kitabu cha kiada kulikuwa na aya moja ya msafiri tajiri wa zamani, aliyevuka nchi nzima akiwa amebebwa kwenye machela huku mizigo yake ikifuata nyuma vichwani mwa wapagazi. Humo msafiri alilalamika kwamba wapagazi wake ni wavivu na wanatembea polepole mno. Mama Tarehe alikuwa akiipita aya hiyo kwa pumzi moja kila mwaka: jina la msafiri, mwaka wa safari, tuendelee. Shemeji aliisoma, akainua macho.

"Polepole kiasi gani?"

Mama Tarehe alikivuta kitabu, akaisoma aya upya. Katika maisha yake yote ya ualimu hakuwahi kujiuliza, na jambo hilo lilimkera usiku kucha.

Wakaamua kupima. Wanafunzi wangegawanywa makundi, kila kundi libebe begi lililoshindiliwa vitabu vikuukuu mpaka uzito ukaribiane na wa mzigo wa mpagazi mmoja, kwa zamu, kutoka lango la shule hadi tangi la maji kilimani na kurudi. Anayebeba angekaa na simu mfukoni, na simu ingeandika alipo na kasi yake njia nzima. Halafu kompyuta ichore mistari ukutani, waone mpagazi anatembeaje.

Kundi la mwisho liliongozwa na Fundi. Huyo alikuwa binti wa shemeji, na jina hilo alilipata kwa kufufua simu za wenzake zilizokwisha kukatiwa tamaa. Nyumbani alimwita Mama Tarehe mama mkubwa, shuleni mwalimu, na hakuwahi kuchanganya. Alishatangaza mezani kwamba yeye anachukua Kompyuta. "Historia imeshapita, mama mkubwa," alisema kwa upole, kama anayempa mtu pole. Maneno hayo yalimchoma mama mkubwa kuliko yote ya bwana tai fupi.

Siku ilipofika, makundi yalipanda kilima moja baada ya jingine kipindi cha asubuhi, na baada ya mapumziko wote wakajazana chumba cha Historia, wanahema, mashati yamewaganda migongoni. Projekta ilikuwa imefungwa darini tangu mwaka uliopita, na Mama Tarehe hakuwahi kuiwasha. Aliiita "hilo jicho." Mwalimu wa taaluma aliketi nyuma, mikono kifuani.

"Kengele ikilia," alitangaza, "anayechagua Historia abaki humu. Wanaochagua Kompyuta wanifuate maabara. Tumalizane leo leo."

Shemeji akabonyeza. Mstari wa kundi la kwanza ukatokea ukutani, ukitambaa, ukisimama kila kona, ukitambaa tena. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulisimama kilimani muda mrefu hata watu wakadhani kompyuta imeganda.

Halafu ukaja mstari wa kundi la Fundi. Huo haukutambaa. Uliondoka langoni kwa kasi, ukapanda kilima bila kupumzika, ukashuka kwa kasi ya kutisha, ukafika langoni wakati wenzao bado wanalitafuta tangi.

Darasa likalipuka kwa kicheko.

"Mpagazi huyo alikuwa na pikipiki?" mwalimu wa taaluma aliuliza kutoka nyuma, na kicheko kikazidi.

Shemeji alianza kutokwa jasho. Somo lilikuwa linamfia mikononi, tena kwa mkono wa binti yake wa kumzaa. "Ni hitilafu ya mtambo tu," alisema, kidole kikienda kwenye kitufe. "Tunaufuta, tunaendelea."

"Usiguse!"

Walimgeukia Mama Tarehe wote. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, miwani imemshuka puani, anautazama mstari ule kama anayemwona jamaa yake sokoni. Na kwa kweli ulikuwa jamaa yake. Shemeji alizijua namba, Fundi alizijua simu, ila ushahidi unaodanganya ulikuwa wa fani yake yeye. Moyo ulimdunda kwa furaha ambayo hata yeye hakuitarajia.

"Nyamazeni. Huu mstari unasema nini?"

"Kwamba hawa ni wepesi kuliko wote," mmoja akajibu.

"Mnauamini?"

"Hapana!"

"Kwa nini? Umechorwa na kompyuta, uko ukutani, una rangi nzuri. Kwa nini hamuuamini?"

Wakatazamana. Mama Tarehe akageuka taratibu. "Fundi, mwanangu. Simu ilikuwa kwa nani?"

Fundi aliangalia meza. Macho yalikuwa yamekuwa mekundu. "Kwa rafiki yangu."

"Rafiki yako alikuwa kwenye nini?"

"Baiskeli, mwalimu. Begi tuliliweka nyuma, kwenye keria."

Kicheko kikaanza upya, lakini Mama Tarehe alikizima kwa kiganja. Hakugomba. "Kwa nini?"

"Lilikuwa zito." Fundi alijishika bega. "Kona ya kwanza tu mabega yaliwaka moto. Wenzetu walishamaliza. Tukaogopa mstari wetu ukitokea ukutani tutaonekana wavivu."

Neno hilo likabaki hewani. Mama Tarehe alilisikia, akatamani kulidaka na kulifafanua, kama kawaida yake, na tarehe juu. Akauma ulimi. Alingoja, na kungoja kwa mtu kama yeye ni kazi ngumu kuliko kupanda kilima.

Msichana wa dawati la mbele alikuwa anafungua kitabu cha kiada. "Mwalimu, na huku je? Hapa kwa msafiri. Kalamu ilikuwa kwa nani?"

"Kwa msafiri."

"Msafiri alikuwa wapi akiandika?"

"Kwenye machela," darasa likajibu, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Na machela ilibebwa na..." Msichana hakumaliza, kwa sababu chumba kizima kilipiga kelele kwa pamoja, "Wapagazi!" Wengine walisimama. Shemeji, roho imemrudi, alikuwa ubaoni anakokotoa mwendo wa msafara kwa siku kutokana na safari iliyoandikwa kitabuni, chaki inavunjika, anagawa, anazidisha, kisha akageuka akiwa ameshangaa yeye mwenyewe. Kundi lenye nguvu kuliko yote darasani lingeachwa nyuma na wale "wavivu" siku ya kwanza, kabla ya chakula cha mchana.

"Halafu akawaandika hivyo!" Fundi alisema. Aibu ilikuwa imemtoka, hasira imeingia. "Mtu amekaa! Amebebwa! Na sisi tukasoma hivyo hivyo!"

Kengele ikalia.

Mama Tarehe alijua kinachofuata. Aliupa mlango mgongo, akachukua kifutio, akaanza kufuta hesabu za shemeji polepole, kutoka pembeni. Alisikia mwalimu wa taaluma anasimama. Alisikia viti vinakwaruza sakafu, vingi, kwa pamoja, na macho yakamjaa machozi. Basi, alijisemea, angalau wameondoka wakiwa na hasira nzuri.

"Wa maabara, nifuateni," alisema mwalimu wa taaluma. Akasema tena. "Hamkusikia kengele?"

"Tumesikia," sauti ya Fundi ikajibu. "Ila hatujamaliza."

Mama Tarehe akageuka. Wachache walikuwa wametoka. Waliobaki walikuwa wameburuta viti vyao hadi kwenye meza yenye kompyuta, wamebanana begani kwa begani kumzunguka Fundi, na mwalimu wa taaluma alikuwa mlangoni anawahesabu kwa kidole, anakosea, anaanza upya. Mama Tarehe alijifuta macho kwa mkono wenye chaki, akajipaka uso mzima, wala hakujali.

"Mama mkubwa," Fundi aliita mbele ya darasa zima, na hakujirekebisha. "Hao wapagazi walikuwa na majina?"

"Walikuwa nayo. Kitabu hakikuyaandika."

Fundi alivuta kiti kingine, akakipigapiga kumwonyesha akae.

"Basi tuanzie hapo."