Dirisha la Auma Huko London

Kila Jumamosi saa saba mchana, kengele ikishalia, Kang'ethe alipitisha ndoo nyekundu ya glovu mbele ya wanawake waliomenya mananasi katika kiwanda cha Tamuleo, Ruiru. Jozi moja ilikuwa shilingi mia moja na themanini, ikakatwa kwenye mshahara, na ilidumu wiki moja ukiitunza. Kang'ethe alikuwa supervaisa na hakumlazimisha mtu. Aliuliza tu, "Unachukua ama huchukui?" kisha akaandika.

Auma Odongo hakuchukua. Miaka sita mizima hakuchukua. Alikuwa akiweka pesa za kwenda London kutunza wazee, na mtu wa safari kama hiyo hatoi mia na themanini kila wiki kwa ajili ya vidole alivyozaliwa navyo.

Bajeti aliiandika nyuma ya kalenda ya kanisa. Alihama Githurai 45 akaenda kwenye chumba cha mabati huko Theta, kwa kuwa kodi ilikuwa elfu mbili na mia tano tu. Nyama ikawa ya Krismasi. Jumapili baada ya ibada alifua nguo katika nyumba mbili za Membley, na jioni mbili kwa wiki alisomea kozi ya utunzaji mjini Thika, ambako walifundishwa kumgeuza mzee kitandani kwa kutumia mdoli usio na mkono mmoja. Mwalimu ndiye aliyemtafutia bei ya chumba London: laki moja na elfu arobaini kwa mwezi. Auma alidhani mwalimu ameongeza sifuri. Hakuwa ameongeza.

"Wewe Mama Awiti unabana pesa mpaka inapiga nduru," Shiko, aliyesimama kulia kwake kwenye laini ya kumenya, alimwambia. "Hata mafuta ya mikono hununui."

"Nitanunua nikifika."

Awiti alikuwa bintiye wa miaka kumi na minne. Auma alimwahidi kwamba akifika kidato cha tatu atakuwa katika shule ya bweni, yenye maabara na vitanda visivyovujiwa. Ahadi hiyo aliiandika kwenye kalenda pia, chini ya bei ya tikiti, akaizungushia duara.

Maji ya nanasi hula ngozi. Pale Tamuleo kila mtu alilijua hilo, na wakubwa walilijua kabla ya wote. Waliwahi kuleta mashine ya kusoma vidole langoni. Ikawakubali makarani, ikawakubali madereva, ikawakataa wamenyaji wote. Wakubwa wakakutana asubuhi nzima, wakanywa chai na andazi, wakatoka na uamuzi: mashine iondolewe, kadi za kuingilia zirudi. Glovu zikabaki mia na themanini.

Barua ya kazi kutoka London ilikuja mwezi wa Mei. Auma alikuwa na laki nne na elfu kumi na nne. Akalipa ada ya viza, elfu hamsini na tatu isiyorudishwa, akavaa sketi ya kanisa, akaenda Nairobi.

Karani wa ofisi ya viza alikuwa msichana aitwaye Kavata, mwenye sauti ya upole. Alimwambia aweke vidole vinne vya kulia juu ya kioo, kisha vya kushoto, kisha vidole gumba viwili. Akafuta kioo. Akampa kitambaa chenye spiriti. Wakarudia.

"Unatoka Thika side, madam?"

"Ruiru."

"Mananasi?"

"Mananasi."

Kavata akaitikia kwa kichwa, akaandika kidogo, akageuza skrini. Ilikuwa picha ya dirisha lenye ukungu, na juu ya kioo alama kumi za vidole, zimepangwa vizuri. Ile ya gumba la kushoto ilikuwa na kovu lililopinda, pale kisu kilipomkata Auma mwaka wa kwanza wa kazi.

"Basi wewe uko London tayari," alisema Kavata. "Tangu 2018."

Alimweleza bila haraka. Alama zilitoka na ngozi, zikaingia kwenye mikebe, mikebe ikaingia kwenye kontena, na kontena likapita Mombasa likiwa na karatasi zake zote. Nanasi haliombwi viza. Mikebe ilipofunguliwa kule, alama zikatoka, zikajitafutia makao. Chumba kilizishinda bei, zikakodi dirisha. Elfu tano kwa mwezi.

"Zinakaa kihalali kabisa," alisema Kavata. "Shida ni kodi. Hazijawahi kulipa. Ni laki tatu na elfu sitini."

Dirisha la London lilikuwa ghali mara mbili kuliko nyumba yake nzima ya Theta. Auma alipofikiria hilo, hasira ilimpanda hadi masikio yakawaka.

"Si mimi nilizipeleka," alisema. "Zilichukuliwa. Hao watu wameuza ngozi yangu kwa kilo. Mbona wasilipe wao?"

"Wao wana risiti, madam. Waliuza mananasi."

"Nirudishieni basi. Nitaomba upya nikiwa nazo."

"Zikirudi zitakuwa zimefukuzwa. Aliyefukuzwa haombi kwa miaka kumi."

"Na nikilipa?"

"Ukilipa, unaendelea kukaa London."

"Na mimi?"

"Si ndio wewe," alisema Kavata, na hakukuwa na mzaha usoni mwake. Kisha akapiga muhuri kwenye fomu: *Ombi limekataliwa. Mwombaji tayari yuko nchini.*

Auma alilipa kwa simu akiwa amesimama ukutani, karibu na mtungi wa maji. Zikabaki shilingi elfu moja. Kavata alimchapia ile picha bila malipo, jambo ambalo halikuwa kwenye utaratibu.

Jioni Awiti aliishika picha karibu na balbu, akaitazama sana.

"Kuna heater huko?"

"Iko."

"Na bweni, mum?"

"Bado."

Awiti akarudi kwenye sufuria aliyokuwa akiiosha. Aliisugua kwa nguvu ambazo sufuria haikuhitaji, na hakuuliza tena. Auma alitamani aulize, apige kelele, avunje kitu.

Jumamosi ndoo nyekundu ilipofika mbele yake, Auma aliweka ile picha juu ya glovu.

"Hizi ni zangu," alisema, kwa sauti ya kusikika laini nzima. "Mlizipeleka nyinyi. Mlijua tangu ile siku ya mashine. Mlijua mkanywa chai!"

Kang'ethe aliifuta picha kwa mkono wa koti, akaiangalia kwa makini, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu.

"Zimekaa poa," alisema. "Dirisha linaangalia barabara. Wewe ni wa nane mwaka huu. Barasa wa stoo ana kiganja kizima Dubai, na hapo kodi ni moto."

"Nipe glovu. Za bure. Za miaka sita."

"Za bure hazijawahi kuwa, Auma. Hata hizi zimepanda. Mia mbili na kumi." Akamrudishia picha, akafungua kitabu. "Unachukua ama huchukui?"

Shiko alikuwa akitazama vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja. Auma alipiga hesabu kama alivyozoea, mia mbili na kumi mara wiki nne, na hasira haikumpunguzia hata senti moja ya hesabu hiyo.

"Sichukui," alisema. "Nina kodi ya kulipa London."

Kang'ethe akaandika, akasogeza ndoo kwa Shiko.