Mikono ya Sumaku

Mashine ilizimika Dada akiwa katikati ya maneno. Alikuwa akimgombeza mdogo wake kwa sauti ya chinichini, eti mtu mzima anashinda na njaa utadhani yeye ndiye mgonjwa, mara taa ya kijani ubavuni mwa mashine ya kupumulia ikageuka nyekundu. Feni ya ndani ilikoroma kidogo, ikanyamaza. Kwenye kioo yakatokea maandishi meupe, yenye adabu zote: *Leseni ya matumizi imekwisha. Tafadhali wasiliana na kampuni.*

Dada akatoa macho. Kifua chake, kile kilichomalizwa na vumbi la kiwanda cha saruji, kilipanda na kushuka bila kupata kitu.

"Nesi!" yule kijana, mdogo wake, alipiga kelele. "Nesi, njoo huku!"

Nesi alikuja mbio, kiatu kimoja kimemvuka njiani. Akabonyeza kitufe, akakibonyeza tena, akaipiga mashine kofi kama watu wanavyozipiga redio zao.

"Umeme si upo?" kijana aliuliza.

"Umeme upo. Imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na wenyewe. Wako huko walikokaa, wanafunga tu." Alichomoa ukutani mfuko wa kukamua hewa kwa mkono, akamvalisha Dada barakoa yake na kuanza kukamua. "Wodi nzima ninao huu mmoja. Na leseni ni moja kwa mashine zote, kwa hiyo zile nyingine..."

Hakumaliza. Kitanda cha pili, alicholala dereva mmoja mzee wa malori, kililia na kuwaka nyekundu. Cha tatu, cha mama aliyejifungua juzi, kikafuata. Nesi alitazama mfuko mmoja mikononi mwake, akatazama vitanda vitatu, machozi yakamtoka papo hapo.

Kijana aliweka kiganja juu ya mashine.

Mtaani walimwita Sumaku, na kazi yake ilikuwa fundi simu. Miaka ya nyuma alipigwa na waya wa nguzo akapoteza fahamu, na alipozinduka kila kitu chenye umeme kilikuwa kinamsemesha. Simu iliyokufa alikuwa akiishika inaamka. Kufuli za namba zilikuwa zinamwasha viganjani mpaka anajua pa kubonyeza. Watu wa mtaani walimtania kwamba wengine wakipigwa na umeme wanazikwa, yeye karudi na chenji. Naye alicheka nao, akaendelea kutengeneza simu zao, maana nguvu zile hazikuwahi kumpa hata chumba kisichovuja. Ila kitu kama hiki, chenye kufuli lililofungwa kutoka mbali na watu wasioonekana, hakuwahi kukigusa.

Kufuli lilimuuma mpaka kwenye meno. Alilisukuma. Lilimrudisha. Alikaza taya akasukuma tena, jasho likamtiririka mgongoni, na feni ndani ya mashine ikakohoa ikaanza kuzunguka. Taa ikawa kijani.

"Mungu wangu," alisema nesi.

"Mpelekee mzee mfuko! Mpelekee!"

Lakini alipoinua kiganja, nyekundu ikarudi. Akakirudisha upesi. Hapo akaelewa kwamba hakulifungua lile kufuli. Alikuwa amelizuia tu lisijifunge, kama mtu aliyeweka mguu kwenye mlango.

Ikabidi vitanda visogezwe. Nesi huku anakamua mfuko kwa zamu, pumzi kwa mzee na pumzi kwa mama mchanga, na mama mkwe wa yule mama mchanga anasukuma vitanda kwa kiuno chake, magurudumu yanapiga kelele. Mkono wa kulia wa Sumaku ulikaa kwenye mashine ya Dada. Wa kushoto ukapata ya dereva. Ya tatu ilikuwa mbali, na mikono ilikuwa imekwisha.

"Mfukoni mwangu kuna waya wa shaba," alisema. "Uvue maganda. Ncha moja zungusha kwenye kile chuma cha nyuma ya mashine, nyingine kwenye kidole gumba cha mguu wangu."

"Mguu gani?"

"Wowote, nesi, fanya haraka!"

Nesi alizungusha kwenye wa kulia. Taa ya tatu iliwaka kijani, na mama mkwe akakaa sakafuni kwa kishindo akaanza kumshukuru Mungu.

"Yule mtaalamu wa kampuni yuko hapahapa hospitali," nesi alisema akihema. "Kaja kusimika mashine mpya ya eksirei. Nikimwita atafungua kihalali. Utaweza kushikilia?"

"Mwite."

"Kucha zako, kaka. Zinakuwa nyeusi."

"Mwite, nimekwambia!"

Aliyefika kwanza hakuwa mtaalamu. Alikuwa Mganga Mkuu wa hospitali, koti jeupe halina doa, simu sikioni. Alisimama mlangoni akamtazama kijana aliyetanda katikati ya vitanda vitatu, mikono huku na huku, mguu peku umefungwa waya. Midomo ilimcheza. Kisha akaziona taa. Alizitazama moja moja, na uso wake ukatulia polepole kama wa mtu aliyepata kivuli.

"Hapana, Mheshimiwa, uvumi tu," alisema kwenye simu. "Wodi iko salama. Kesho mje mfungue geti bila wasiwasi wowote."

Geti jipya la hospitali lilionekana dirishani, nguzo zake zimebandikwa marumaru, juu yake wafanyakazi walikuwa wanafunga mapambo.

"Pesa za leseni ya mashine ndizo zile pale nje," nesi alinong'ona. "Zimevaa marumaru."

"Umesema nini, nesi?"

"Sijasema kitu, Mkuu."

Mganga Mkuu alimsogelea Sumaku. Hakumuuliza jina. "Kijana, unafanyaje hivyo?"

"Sijui, Daktari. Nashikilia tu. Tafadhali waambie wafungue leseni, naishiwa nguvu."

"Unaweza kushikilia mpaka kesho jioni?"

"Kesho?" Sumaku alidhani hakusikia vizuri. "Daktari, mimi si nguzo!"

"Basi hata mchana, wageni wakishaondoka. Utaletewa chakula. Tena kizuri."

Mtaalamu wa kampuni aliingia akiwa na kishikwambi kwapani, kijana wa rika la Sumaku, viatu vinang'aa mpaka unaweza kujinyolea. Alitupa jicho kwenye mashine. "Kijani, kijani, kijani. Sasa mmeniitia nini?"

"Hitilafu ndogo ilikuwepo," alisema Mganga Mkuu. "Imekwisha."

"Haijaisha!" Sumaku alifoka. "Zimefungwa zote tatu. Ni mimi ninayezishikilia. Angalia hicho kishikwambi chako!"

Mtaalamu aliangalia. Akakunja uso. "Kweli huku zinasoma zimefungwa."

"Huyu ni ndugu wa mgonjwa," Mganga Mkuu alisema kwa upole, "hajalala. Unajua tena."

"Nikitoa mkono inazima. Unataka nikuonyeshe?"

"Onyesha basi," alisema mtaalamu.

Sumaku alivitazama vitanda vyote vitatu. Aonyeshe kwa nani? Dereva mzee alimtazama kutoka nyuma ya barakoa, macho makavu, haombi wala hakatai. Mama mchanga alikuwa amefumba yake, na mama mkwe alimshika Sumaku suruali kwa mikono miwili. "Mwanangu, si huyu. Nakuomba, si huyu, ana kichanga."

Kidole kikamgusa mkononi. Kilikuwa cha Dada, aliyemlea tangu alipokuwa hajui kufunga vifungo vya shati.

"Wangu," Dada alisema ndani ya barakoa. "Mwonyeshe... kwa wangu."

"Dada, siwezi."

"Toa mkono."

Alitoa. Taa ikawa nyekundu, feni ikanyamaza. Dada alijitahidi kutulia ili amrahisishie mdogo wake kazi, na jitihada ile ilimkata Sumaku maini kuliko kama angelia. Kisha mwili ukakataa kutulia. Miguu ikapiga shuka, shingo ikajaa mishipa.

Mtaalamu hakumtazama Dada. Alikitazama kioo cha mashine, akakitazama kishikwambi, akatikisa kichwa kwa mshangao wa kitaalamu. "Lo! Ni kweli."

"Rudisha!" nesi alilia. "Umeshaona, rudisha!"

Sumaku alikwisharudisha. Lakini safari hii kufuli lilikuwa zito. Alisukuma, halikwenda. Alisukuma tena huku anatukana matusi ambayo Dada alimkataza tangu utotoni, midomo ya Dada inageuka rangi mbele ya macho yake, mpaka feni ikakohoa na kuzunguka. Dada alivuta hewa kwa sauti iliyowanyamazisha wote.

"Umeona?" Sumaku alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu. "Sasa fungua."

"Hapo ndipo penye tatizo," alisema mtaalamu. "Mimi siwezi kufungua mashine inayofanya kazi. Kwa dharura mfumo unaniruhusu, lakini lazima mashine ikae nyekundu nusu saa mfululizo. Hapo ndipo inahesabika ni mbovu."

"Wagonjwa wakiwa ndani?"

"Kwani hamna mashine nyingine za kuwahamishia?"

Nesi alicheka, kicheko kibaya, akajiziba mdomo.

"Unaona, kijana?" Mganga Mkuu alisema. "Kazi uliyofanya ni nzuri mno. Kwa taratibu zao, hospitali yangu haina shida."

"Na ukweli ni kwamba alichofanya ni kosa," mtaalamu aliongeza. "Kuchezea kufuli la kampuni. Lazima nipige picha." Akainama karibu na mguu wenye waya, kisha akajiinua, kishikwambi mbele ya uso wa Sumaku ili ampate vizuri.

Sumaku hakuwa na mkono wa bure. Alirusha kichwa. Paji la uso lilikigonga kishikwambi, akakiegemea.

Mle ndani kulikuwa kama korido ndefu baridi. Alikimbia humo bila miguu. Akapita majina ya hospitali nyingi, mengine ya nchi ambazo hakuwahi kuzisikia, na kila jina lilikuwa na mlango wake umefungwa, na nyuma ya kila mlango kulikuwa na feni zilizonyamaza. Alilipata jina la hospitali yao. Kufuli lilikuwa lenyewe, lile lililomuuma meno, ila huku lilikuwa na ufunguo, umening'inia palepale, mwepesi, wa kuzungusha tu. Aliushika. Ulianza kuzunguka.

"Anaiba! Jamani, anaiba!"

Mtaalamu alikipokonya kishikwambi kwa nguvu zake zote. Korido ikafungika. Sumaku alijikuta anatazama dari, damu ya pua inamwingia mdomoni, mikono bado ipo ilipokuwa. Taa tatu zilipepesa, zikarudi kijani. Leseni ilikuwa bado imekwisha.

"Nilikuwa nimefika," alisema. Alilia waziwazi, bila aibu. "Nilikuwa nimeushika. Nipe kidogo tu, kaka. Kidogo tu, nakuapia, sitagusa kingine."

"Ungefungua zote?" mtaalamu aliuliza. Alikuwa amekikumbatia kishikwambi kifuani, uso umemparara. "Unajua ni ngapi zile? Unajua wangenifanya nini mimi?"

Mtaalamu alirudi nyuma mpaka mlangoni, akaandika kitu harakaharaka. Ile nguvu ya Sumaku haikuhitaji kugusa ili kusikia maneno yakipita: *Mashine zote zinafanya kazi. Hakuna hatua.* Kisha viatu vinavyong'aa vikaondoka kwenye korido, mbio kuliko vilivyokuja.

Askari wa getini aliitwa. Alifika na pingu, akazunguka vitanda mara kadhaa akitafuta mahali pa kuanzia.

"Nimpeleke kituoni, Mkuu?"

"Kituoni?" Mganga Mkuu alishangaa kweli. "Una akili wewe? Mfunge hapohapo. Ni mtuhumiwa, na hatakiwi kuondoka."

"Mkuu, haya ni mateso," alisema nesi. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda mbele ya mkubwa. "Huyu atakufa. Mwangalie kucha. Akifa yeye wanakufa wote."

"Ndiyo maana nimekwambia umlishe."

Askari alipiga magoti. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Sumaku samahani, akaushusha mkono wa shati kwanza ili chuma kisimbane ngozi. Pingu moja ilishika kifundo cha mkono wa kulia, nyingine bomba la kitanda cha Dada. Dada aligeuza uso ukutani. Kila alipovuta hewa mashine ilimpa, na kila ilipompa mabega yake yalitikisika.

"Usilie, Dada," Sumaku alisema. "Ukilia unatumia pumzi nyingi."

"Toa mkono, mdogo wangu. Safari hii usirudishe."

"Nyamaza bwana, Dada. Nyamaza."

Nje, kwenye geti jipya, wafanyakazi walikuwa wanajaribu vipaza sauti kwa ajili ya kesho. Korido ikajaa kelele za magurudumu. Wahudumu wawili waliingia wakisukuma kitanda, juu yake msichana mwenye sare ya shule, kifua kinachezacheza, na nyuma yao wahudumu wengine wakivuta mashine ya kupumulia kutoka wodi ya watoto. Taa yake ilikuwa nyekundu.

"Na kule kwa watoto zimezima, Mkuu," alisema mhudumu wa mbele. "Huyu tumuweke wapi?"

Mganga Mkuu aliangalia saa yake, akawaonyesha kwa kidevu.

"Msogezeni hapo kwa kijana. Bado ana mguu mmoja."